Mafuta kwenye ini: utajuaje kama kuna makovu?

Ndugu, umeuliza kama ultrasaundi iliyoonyesha mafuta kwenye ini inatosha, ukiwa na uzito mkubwa na kisukari. Haitoshi. Ultrasaundi ya kawaida huona mafuta lakini hukosa makovu ya mwanzo. ALT (kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu) nayo ikiwa ya kawaida usitulie, hasa kwa mwenye kisukari.

Piga hesabu ya FIB-4, inayokadiria hatari ya makovu ya ini: zidisha umri kwa AST (kimeng'enya kingine kwenye damu), kisha gawanya kwa chembe sahani (chembe za kugandisha damu) zilizozidishwa na kipeuo cha pili cha ALT. Umri 48, AST 52, chembe sahani 190 na ALT 64 hutoa 1.64. Chini ya 1.3 hatari ya makovu makubwa ni ndogo. Waliovuka miaka 65 hutumia 2.0. Ukizidi kiwango cha umri wako, omba kipimo cha ugumu wa ini. Ukizidi 2.67, muone daktari wa ini bila kuchelewa. Usipime ukiwa mgonjwa wa homa, maana AST hupanda na kupotosha hesabu.

Kupunguza 5% ya uzito huondoa sehemu ya mafuta. Makovu huhitaji 10% au zaidi. Pombe acha kabisa. Tafadhali usijinyime chakula ghafla: kukonda kwa kasi huleta mawe ya nyongo, na ukiwa unatumia insulini, sukari inaweza kushuka vibaya dozi isiporekebishwa.