Kongwa walipokea wakiwa hawana kitu

Swali la wiki hii liliuliza: mji uliokimbiwa na kazi unaweza kupokea wakimbizi, ilhali wenyeji wenyewe wanahangaika? Nimekulia Kongwa, mkoani Dodoma. Nasema unaweza, maana kwetu ilishatokea.

Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta walime karanga, wapate mafuta ya kula ya kupeleka kwao. Wakafyeka nyika na kujenga reli kutoka Msagali. Lakini mvua za Ugogo wanazijua Wagogo. Ardhi ilikauka ikawa ngumu kama tofali la kuchoma, karanga hazing'oki. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa, vibarua wakabaki mikono mitupu. Baadaye hata reli iling'olewa.

Kwenye mabaki hayo hayo, mwaka 1964, ikafunguliwa kambi ya watu waliokimbia ukoloni na ubaguzi kusini mwa Afrika, wa vyama vya ukombozi: FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia, ANC ya Afrika Kusini, ZAPU ya Zimbabwe, MPLA ya Angola. Ni kweli walikuwa wapiganaji. Walikuwa pia vijana waliokosa kwao, wengi wao hawajui Kiswahili, sembuse Kigogo.

Ikitajwa kambi ile, anatajwa Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji. Sawa, alikuwepo. Mimi nawataja kina mama waliozungumza na vijana wale mpaka wakakijua Kiswahili, na wale waliokubali kuolewa nao. Haikuwa rahisi. Mume akiitwa vitani, mke hakuambiwa anakwenda wapi wala atarudi lini. Namibia ilipata uhuru 1990, Afrika Kusini ikapiga kura ya watu wote 1994. Wako wake waliowafuata waume zao, na wako watoto waliobaki Kongwa wakilelewa na bibi zao kwa ugali wa uwele na mlenda, hata miaka ya njaa.

Kwa hiyo anayesema wenyeji washibe kwanza ndipo wapokee wageni, simkubalii. Wazee wetu wangengoja shibe wangengoja mpaka leo. Naamini waliwaelewa wale vijana kwa sababu nao walishaona ardhi yao ikipimwa na kulimwa kwa amri ya watu wa mbali.

Makaburi ya wapiganaji yapo Kongwa na yanatembelewa. Ninachoomba ni kwamba bibi zetu waliobaki wahojiwe wakingali hai, na majina yao yaandikwe pale kambini pamoja na ya waume zao.

Msomaji, Dodoma