Bustani inayonukia winta: jibu kwa dada wa Manchester

Dada, umesema umehamia Manchester kutoka Tanga, nyumba ya kupanga, mbele ya mlango una kijisehemu kidogo ambacho hakipigwi jua, na ikifika mwezi wa kumi kila kitu kinakauka unabaki unakumbuka asmini za nyumbani mpaka mwezi wa nne. Halafu ukauliza kama kuna chochote kinachonukia nje wakati wa baridi au ndo basi tena. Kipo dada, tena si kimoja, na kuna siku za mwezi wa pili hapa kwetu Leicester mtu anapita njiani anasimama kabisa anatafuta harufu inatoka wapi. Ntakuandikia kwa urefu manake hii kitu naipenda sana, chukua chai kwanza.

Kabla ya yote nikutahadharishe, ukienda kwenye duka la mimea utakuta kichaka kina maua ya njano yanachanua katikati ya winta na wanakiita jasmini ya winta, jina lake kwenye lebo ni Jasminum nudiflorum. Usinunue kwa ajili ya harufu. Ni kweli ni ndugu wa asmini, maua mazuri na shida zote inavumilia, lakini haina harufu, watu wa kwetu wanaibeba kwa furaha wanasubiri kunukia hakunukii kitu. Na ile asmini nyeupe wanayopanda kwenye kuta huku, Jasminum officinale, hiyo inanukia vizuri mno ila ni ya sama, kiangazi cha huku, mwezi wa sita mpaka wa nane hivi, kwa hiyo haikusaidii kwenye swali lako. Asmini yetu yenyewe ile ya kutungia vikuba ni Jasminum sambac, hiyo nje ya nyumba winta itakufa, ntairudia huko chini.

Sasa watu wengi wanafikiri baridi na harufu haviendani, kumbe mimea inayochanua winta mingi yake ina harufu kali kuliko ya sama, na sababu yake ina mantiki. Wadudu wa kuchavusha ni wachache mno wakati huo, nyuki wa asali hatoki mpaka joto lifike kama digrii 10, anayezunguka zunguka ni yule nyuki mnene mwenye manyoya, kwa hiyo ua dogo lisiloonekana hata rangi inabidi limwite mdudu kutoka mbali, na linamwita kwa harufu. Ndo maana utaona mengi ya haya maua ni madogo, ya kawaida tu kwa macho, ukipita na macho peke yake utayaruka. Pua ndo inafanya kazi.

Na hapa ndo naomba unielewe vizuri kwa sababu naona huku watu wanakosea sana: pa kupanda ni muhimu kuliko unachopanda. Winta hakuna mtu anakaa bustanini. Unatoka mlangoni unakimbilia basi, unarudi giza limeshaingia saa kumi jioni, unatafuta funguo. Sasa ukipanda mti wa harufu kule mwisho wa bustani ya nyuma, utachanua na kumaliza na hujanusa hata siku moja. Panda pale unapopita kila siku, pembeni ya mlango wa mbele, karibu na geti, chini ya dirisha la jikoni ambalo unalifungua ukipika, pale yanapokaa mapipa ya taka maana mapipa utaenda tu upende usipende. Na pawe pamejificha na upepo, ukuta au pembe ya nyumba, kwa sababu upepo unaibeba harufu yote unaipeleka kwa jirani. Siku ya baridi kali ya barafu harufu inapungua, siku baridi ikilegea kidogo kukawa na kajua na upepo umetulia ndo inatoka yote kwa pamoja.

Kwa hali yako, mlango hauna jua na nyumba si yako, jibu langu ni Sarcococca confusa, na kama utanunua kitu kimoja tu maishani nunua hicho. Ni kichaka kifupi, mita moja na zaidi kidogo kikishakua na kinakua polepole, majani yake ya kijani yanang'aa na hayapukutiki, na kivuli ambacho mimea mingine inakilalamikia hiki kinakipenda. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili au wa tatu kinatoa vijiua vyeupe kama nyuzi hivi, vidogo kiasi kwamba mgeni anaweza asivione, na harufu yake ni ya asali, nzito, inajaa njia nzima. Kinakaa kwenye chungu bila tatizo, kwa hiyo siku ukihama unahama nacho. Chungu kiwe na upana wa sentimita 35 au 40, tumia ule udongo wa vyungu wenye udongo halisi ndani, John Innes namba 3 unafaa, usitumie mboji nyepesi peke yake manake inasinyaa baada ya mwaka. Weka vijiwe chini ya chungu kiinuke kidogo maji yatoke, mvua ya Manchester unaijua mwenyewe, na sama usikisahau maji kwa sababu chungu kinakauka haraka. Basi. Kukipogoa ni kukata kidogo tu baada ya maua, na yale matawi unayokata wakati yana maua yaweke kwenye glasi ya maji sebuleni, vitawi viwili vinatosha chumba.

Kuna ndugu yake, Sarcococca hookeriana var. digyna, huyo ana maua yenye wekundu wekundu na matawi membamba, anatambaa taratibu kwa chini anaongezeka. Naye mzuri, ila kwa chungu mi naona confusa anakaa umbo lake vizuri zaidi.

Sasa ukipata siku moja nyumba yako mwenyewe, au mwenye nyumba akikuruhusu kupanda ardhini, hapo kuna Daphne bholua. Dada. Huu mmea natamani kila mtu wa pwani anayeishi huku aunuse angalau mara moja. Asili yake milima ya Himalaya, Nepal maganda yake wanatengenezea karatasi toka zamani, na aina inayouzwa sana huku inaitwa 'Jacqueline Postill', ilitokana na mbegu aliyoiotesha Alan Postill pale kitalu cha Hillier huko Hampshire, mwaka 1982, akaipa jina la mkewe. Maua ya rangi ya waridi na meupe, mwezi wa kwanza na wa pili ndo kilele, na harufu yake kwa pua yangu ndo kitu kinachokaribia asmini na langilangi kuliko vyote vinavyochanua nje winta. Lakini una masharti. Hautaki kuhamishwa, ukishapanda umepanda, mizizi ikisumbuliwa mara nyingi unakufa, kwa hiyo mtu wa kupanga nyumba usijaribu. Hautaki maji yasimame miguuni. Na una sumu, mmea wote, na utomvu wake unawasha ngozi, kwa hiyo watoto waambiwe, na tafadhali sana usije ukachukua maua yake ukafanya kikuba ukaweka kichwani au kitandani kwa kuwa yananukia kama ya nyumbani. Ya kunusa yakiwa mtini.

Vingine navyovipenda nivitaje kwa kufuata miezi maana swali lako lilianzia mwezi wa kumi. Kwa maua ya mwezi wa tisa na wa kumi kuna Gladiolus murielae, na huyu ni wa kwetu kabisa, porini anaota kuanzia Ethiopia kushuka mpaka Tanzania na Malawi, watu huku wananunua vitunguu vyake, yaani yale mashina ya ardhini yenye umbo la kitunguu, kwa bei rahisi tu. Unazika vitunguu mwezi wa nne au wa tano, kina cha sentimita 10 hivi, kwenye chungu pia anakubali ila yeye anataka jua, maua meupe yana doa la zambarau katikati na usiku ndo ananukia zaidi. Barafu ya kwanza kabla haijapiga ingiza chungu kwenye kibanda kikauke, mwakani unaanza tena.

Mwezi wa kumi na wa kumi na moja kuna Elaeagnus, ile wanayopanda kama ua wa uzio, majani kama yamepakwa fedha kwa chini. Maua yake yamejificha ndani ya majani huyaoni, unasikia harufu tu unashangaa. Huvumilia upepo wa chumvi wa baharini, kwa hiyo wenzetu mlioko Portsmouth na Southend huko muiangalie. Wakati huo huo Osmanthus heterophyllus anachanua, majani yenye miiba miiba na vimaua vyeupe, na yeye ni wa ukoo mmoja na asmini, ukinusa utaamini.

Kuanzia mwezi wa kumi na moja Viburnum × bodnantense 'Dawn', mti wa matawi yaliyosimama, majani yanapukutika halafu maua ya waridi yanatoka kwenye matawi matupu, anachanua, barafu inayaua, anatulia, anachanua tena mpaka mwezi wa tatu. Alitoka bustani ya Bodnant huko Wales miaka ya 1930. Ni mkubwa lakini, mita mbili na nusu na zaidi, kwako hapatoshi. Lonicera × purpusii 'Winter Beauty' naye hivyo hivyo, maua kwenye matawi matupu, harufu tamu sana, ila sama ni kichaka kisicho na sura, kiweke nyuma ya vingine. Hamamelis wenye maua ya njano kama nyuzi zilizokunjamana ni mzuri kwa macho kuliko wote, chukua 'Pallida' kwa harufu, maana zile nyekundu nyingi harufu yake hafifu, na kwa kuwa unauzwa umeunganishwa kwenye shina la mwingine, machipukizi yakitoka chini ya maungio yang'oe usiyaache yakautawala. Chimonanthus praecox ntaupita haraka, harufu yake ni ya ajabu na kijitawi kimoja kwenye maji kinatosha nyumba nzima, ila unataka ukuta wa jua na unaweza kukungojesha miaka kabla ya ua la kwanza, kwa hiyo ni wa mtu aliyetulia mahali.

Ndani ya nyumba sasa. Ile asmini yetu, sambac, unaweza kuiweka kwenye chungu dirisha linaloangalia kusini, joto lisishuke chini ya digrii 10 au 13, winta maji kidogo, sama itoe nje ipate jua ndo ichanue. Hita inakausha hewa na utitiri mwekundu unaipenda hali hiyo, chunguza chini ya majani. Ila winta usiitegemee kwa maua. Kwa maua ya winta ndani tafuta Jasminum polyanthum, mwezi wa kwanza na wa pili mpaka supamaketi wanaiuza imezungushwa kwenye kipete cha waya, imejaa machipukizi ya waridi. Iweke chumba cha baridi chenye mwanga, si juu ya hita, itadumu. Mwakani ukitaka ichanue tena iache nje au mahali pa ubaridi mpaka karibu mwezi wa kumi na moja, ila barafu isiipate, bila huo ubaridi wa usiku haitoi machipukizi ya maua.

Kununua: nenda mwezi wa kwanza au wa pili vikiwa vimechanua, uinamishe pua mwenyewe ndo uchague, usinunue kwa picha. Kwenye lebo tafuta alama ya kikombe ya RHS, kile chama cha bustani cha Uingereza, wanaipa mimea waliyoipima bustanini wakaridhika nayo, confusa anayo, 'Dawn' anayo, 'Pallida' anayo. Kupanda ardhini wakati mzuri ni mwezi wa kumi na wa kumi na moja, udongo bado una joto la sama na mvua inakumwagilizia, lakini cha chungu panda wakati wowote usipokuwa na barafu. Na kama unataka kunusa kwanza kabla ya kutoa pesa, hapo ulipo hauko mbali na Dunham Massey, lile jumba la kale linalopokea wageni, wana bustani nzima ya winta, nenda siku isiyo na upepo.

Nambie tu mlango wako unaangalia upande gani na kama hapo mbele ni sakafu ya saruji au kuna ardhi, na mwenye nyumba anakubali chungu kikubwa au la, nikwambie uanze na vingapi.