GT Zaskar ya zamani: uichukue au uiache?

Mkuu, unauliza kama GT Zaskar, baiskeli ya milimani ya miaka ya 90, bado inafaa, maana siku hizi huzioni. Jina lilififia kwa mambo ya biashara zaidi: mwaka 1998 kampuni ya GT iliuzwa kwa wamiliki wa Schwinn, kampuni nyingine ya baiskeli, na 2001 zote mbili zikafilisika. Fremu ni alumini ngumu; ukikanyaga pedali baiskeli inachomoka mbele, ila kwenye mawe mgongo utakusimulia. Funga tairi pana kadiri zinavyoingia, punguza upepo kidogo.

Kabla ya kulipa, futa vumbi pale mabomba ya nyuma yanapopita ubavuni mwa bomba la kiti kwenda kuungana na la juu. Ukiona ufa kwenye weldingi, hata akushushie bei, achana nayo. Shokapu ya mbele? Hesabu tu kwamba utabadilisha.