Slaidi Imepauka? Tazama Ukingo Kabla ya Kulaumu Kingamwili

Jana kijana mmoja wa Lamu anayejifunza kazi ya maabara kaniandikia kuhusu CD20, protini ya seli tunayoipaka rangi kwa kingamwili inayoinasa: "Dada, CD20 yangu imepauka tena. Mkubwa wangu asema naharibu kingamwili. Nifanyeje?" Maneno hayohayo niliwahi kuambiwa mimi, mbele za watu.

Wakati huo nilikuwa Mombasa. Tuliletewa tezi ya limfu ya shingoni mwa mtoto, daktari akishuku limfoma, saratani ya tezi hizo. CD20 hukaa kwenye utando wa seli B, aina ya chembe nyeupe za damu, na bila kuiona daktari hawezi kujua vizuri ni seli gani zimeota, wala kama rituksimabu, dawa inayoilenga CD20, ina nafasi katika matibabu. Nilikata unene wa maikromita 4, nikachemsha slaidi kwenye bafa, nikatia kingamwili, kisha DAB, kemikali inayoacha rangi ya kahawia pale kingamwili iliponasa. Kwenye hadubini, pembeni kahawia imekolea. Katikati bluu tupu ya hematoksilini, rangi inayopaka viini vya seli zote. Na kipande cha tonsili, yenye seli B tele, nilichoweka cha kulinganishia kilikuwa kimekolea vizuri kabisa! Nikakaripiwa, nikanyamaza. Mtoto akapasuliwa mara ya pili. Hilo laniuma hadi leo kuliko yale makaripio.

Ule ukingo ulikuwa umeshasema kila kitu. Tezi ilitiwa nzima, haikuchanjwa, kwenye kichupa chembamba chenye fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, ya kulowesha tu. Fomalini huingia nyamani polepole. Ilipofika pembeni, katikati kulishaanza kuharibika.

Sasa niko nyumbani Malindi, na mimi ndiye ninayepokea vipande kabla havijapanda gari kwenda Mombasa. Wauguzi wa chumba cha upasuaji wameshanizoea: tezi ichanjwe vipande vya unene wa milimita 3 au 4, fomalini ya asilimia 10 yenye bafa, ujazo wake mara 10 hadi 20 ya kipande, na saa iandikwe kwenye chupa. Wengine waniita msumbufu. Wiki iliyopita yakaja majibu ya tezi niliyoisimamia mwenyewe: kahawia imezunguka kila seli B kama wanja, ukingoni hadi katikati. Nilijivunia, nami sioni haya kusema.

Basi ndugu zangu, fomalini kwanza. Msikimbilie kuongeza kingamwili, msikimbilie kubadilisha bafa, fomalini kwanza. Joto la kaskazi halimsubiri mtu, na kipande kinachovuka kwa mashua kutoka Lamu hadi Mokowe, bara, kikiwa kwenye maji ya chumvi badala ya fomalini kimeshapotea kabla hakijaona maikrotomu, mashine ya kukatia. Ukikaa kimya kwa kuogopa mkubwa, anayerudi kisuni ni mgonjwa. Semeni, kwa adabu, lakini semeni.

Nawe mdogo wangu, toa slaidi ile uitazame upya. Tonsili nayo ikiwa imepauka, kosa litafute kwenye uchemshaji au kingamwili. Ikiwa tonsili imekolea vizuri na ukingo wa tezi umekolea, lakini katikati yake imepauka, mpelekee mkubwa wako slaidi zote mbili, umuulize tezi ilitiwa kwenye fomalini saa ngapi. Kisha nitumie picha, ya ukingo na ya katikati.