Jibu: Nembo ya biashara ya haki kwenye chai ya rooibos

Ndugu, umeuliza kama nembo ya biashara ya haki kwenye pakiti ya rooibos (chai ya kichaka cha Afrika Kusini) ina maana kwamba Wasan na Wakhoi, jamii za asili za huko waliotangulia kuujua mmea huo, wanapata chochote. Kwa kweli hayo ni mambo mawili tofauti, na wauzaji wengi hawana haraka ya kuyatenganisha.

Nembo ya biashara ya haki, yaani Fairtrade, humhusu mzalishaji. Mkulima mdogo wa milima ya Cederberg, Afrika Kusini, ambaye hukata matawi kwa mundu, kisha yakakatwakatwa, yakaloweshwa na kurundikwa hadi yageuke mekundu ndipo yaanikwe juani, huhakikishiwa kupitia chama chake cha ushirika bei ya chini ambayo mnunuzi haruhusiwi kuishusha, pamoja na nyongeza ambayo wanachama wenyewe huamua kwa kura itumikeje.

Fungu la Wasan na Wakhoi, wenye ujuzi wa asili, linatokana na mkataba wa mwaka 2019, unaowatoza wasindikaji asilimia 1.5 ya bei ya shambani kwa manufaa ya jamii hizo mbili. Tozo hiyo imesimama juu ya sheria ya bioanuwai (aina mbalimbali za viumbe hai) ya nchi hiyo, kwa hiyo hata pakiti isiyo na nembo yoyote yaweza kuwa imeilipia.

Kwa mimea inayochumwa porini (rooibos nyingi hupandwa), mimi ningetafuta nembo ya FairWild, kwani hiyo hukagua kiasi kinachovunwa na vilevile malipo ya wachumaji.