Copeland na Spode ni kiwanda kilekile

Ndugu, umeuliza kwa nini sahani yako ina jina la Copeland kwa nyuma ilhali muuzaji anaiita Spode. Hajakudanganya. Kiwanda ni kilekile cha Stoke-on-Trent, Uingereza, ila kimepita mikono mingi.

Mwanzilishi ni Josiah Spode, miaka ya 1770. Mwanawe, Josiah wa pili, ndiye aliyeuboresha udongo wa kaure wenye majivu ya mifupa ya ng'ombe, ambayo huwa karibu nusu ya mchanganyiko. Ukiinua kikombe dirishani ukaona kivuli cha vidole vyako kwa upande wa pili, hiyo ndiyo kazi ya mifupa.

Mwaka 1833 William Taylor Copeland na Thomas Garrett walikinunua kiwanda. Chombo chenye majina yote mawili ni cha kati ya 1833 na 1847, kwani baada ya hapo Garrett alijitoa. Akina Copeland walibaki nacho hadi 1966, wakakiuza kwa Carborundum ya Marekani, watu wa mawe ya kunolea (nani angedhani!). 1976 kikaunganishwa na Royal Worcester, kiwanda kingine cha kaure cha Uingereza, 2008 kikafilisika, na 2009 Portmeirion, kampuni nyingine ya vyombo, wakachukua jina na michoro. Ule mchoro wa buluu wa Blue Italian, wa 1816, bado unauzwa.

Angalia tena muhuri ulio nyuma ya sahani yako. Ukiona neno "England", sahani yaelekea ni ya baada ya 1891, Marekani ilipoanza kudai bidhaa zitajwe nchi zilikotoka.