Maswali na Majibu: Kadi au Pesa Taslimu Ugenini, na Nani Anayeona Malipo Yako

SWALI: Ndugu mtaalamu, salaam. Hivi karibuni nitasafiri kupitia nchi kadhaa za Ulaya, kisha Marekani, kwa shughuli za biashara ninayoiendesha pamoja na kaka yangu. Nikiwa huko nitaonana pia na daktari kwa jambo ambalo kwa sasa nisingependa mtu mwingine alijue. Akaunti yetu ni ya pamoja, na kaka huipitia taarifa ya benki kila mwezi. Rafiki mmoja ameniambia nibebe pesa taslimu tu, kwa sababu kadi huacha alama kila inapopita. Mwingine anasema kulipa kwa simu kunaficha kila kitu. Naomba kujua: nikilipa kwa kadi, ni nani anaona nini? Je, pesa taslimu inanificha kweli? Na simu ina nafuu gani?

JIBU: Rafiki zako wamezungumza kana kwamba anayetazama malipo yako ni mmoja, ilhali ni wengi na kila mmoja huona sehemu yake. Kaka yako anaona taarifa ya akaunti. Benki, mtandao wa kadi na mfanyabiashara wanaona muamala wenyewe, kila mmoja kwa kiwango chake. Serikali ya nchi unayoingia inajua mengi kuhusu safari yako, tena mara nyingi bila kuhitaji kadi yako hata kidogo. Kwa maelezo yako, unayemhofia zaidi ni wa kwanza, na habari njema ni kwamba huyo ndiye aliye rahisi kuliko wote kumkwepa kwa njia halali. Nianze na kadi, kwa kuwa ndiyo yenye mengi ya kuelezwa.

Unapoingiza kadi kwenye mashine ya malipo, mashine huandaa ujumbe wa kuomba idhini. Muundo wa ujumbe huo umewekwa na kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 8583, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1987, na ndani yake huwamo namba ya kadi, kiasi, sarafu, tarehe na saa, utambulisho wa mashine, jina la mfanyabiashara pamoja na mji na nchi alipo, na namba ya tarakimu 4 inayoeleza aina ya biashara yake. Ujumbe hutoka dukani, hupita katika benki inayomhudumia mwenye duka, kisha katika mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, na hatimaye hufika kwenye benki iliyokupa kadi, ambayo hukubali au hukataa. Jibu hurudi kwa njia ileile, yote hayo kwa sekunde chache. Jina lako kwa kawaida halimo katika ujumbe huo, lakini usifarijike mno, kwa sababu namba ya kadi yatosha. Benki yako inajua namba hiyo ni ya nani, na mtandao wa kadi unaweza kuunganisha malipo ya asubuhi katika mji mmoja na ya jioni katika mji mwingine hata kama haukujui kwa jina.

Wasafiri wengi hawaifahamu ile namba ya aina ya biashara, nami naona ndiyo yenye uzito zaidi kwa swali lako. Migahawa hupewa 5812, baa 5813, maduka ya dawa 5912, kamari 7995, madaktari 8011 na hospitali 8062. Benki haioni dawa uliyonunua wala ugonjwa ulionao. Inachoona ni kwamba siku fulani, katika mji fulani, kiasi fulani kililipwa kwa daktari. Hata hivyo, kwa mtu anayekufahamu, hilo peke yake linaweza kutosha. Jambo jingine ni jina la mfanyabiashara kama alivyolisajili mwenyewe: kliniki ya magonjwa ya moyo iliyojiandikisha kwa jina lake kamili itasomeka hivyohivyo kwenye taarifa yenu, na kaka yako hatahitaji kujua namba yoyote.

Zipo pia hali ambazo maelezo huwa mengi kuliko hayo. Mashirika ya ndege huweza kupeleka, pamoja na malipo, jina la abiria na njia ya safari. Kadi zinazotolewa kwa ajili ya kampuni huweza kupokea hata orodha ya bidhaa moja moja, endapo muuzaji ameunganishwa kwa mfumo huo, kwa sababu zimeundwa kwa makusudi ili mhasibu aone kila kitu. Ikiwa kadi yenu ni ya aina hiyo, usiitumie kabisa kwa mambo yako binafsi. Na hata bila kuzungumzia faragha, fedha za biashara kulipia matibabu yako ni tatizo la hesabu litakalokuja kukusumbua.

Kuhusu makampuni, watu hutulizwa kwa kuambiwa kwamba data za malipo huondolewa majina kabla ya kuchambuliwa au kuuzwa. Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti uliochunguza kumbukumbu za miezi 3 za kadi za watu milioni 1.1, zikiwa zimeondolewa majina. Watafiti walionyesha kwamba kujua mahali na siku ya manunuzi 4 tu ya mtu kulitosha kumbainisha katika asilimia 90 ya matukio, na kwamba kujua takribani bei aliyolipa kulizidisha uwezekano huo. Mtu aliye safarini huacha mfuatano usiofanana na wa mwingine yeyote: ni wachache mno watakaopita katika miji yako ileile kwa siku zilezile. Kwa hiyo maneno kwamba data haina jina yana thamani ndogo zaidi kwako kuliko kwa mtu aliyetulia nyumbani.

Sasa pesa taslimu. Ukimkabidhi muuzaji noti na kuondoka, hakuna benki wala mtandao unaojua, na siku ya pili muuzaji hana namba ya kukutambulisha kuwa ni yule wa jana. Noti zina namba zake, ni kweli, lakini katika biashara ya kila siku hakuna anayeziandika dhidi ya jina lako. Hii ni faragha halisi, na sidhani kama chombo chochote cha kidijitali kinachopatikana kwa msafiri wa kawaida kinaifikia. Tatizo lake liko kwenye mipaka yake: pale unapoipata pesa, pale unapoombwa kitambulisho, na pale sheria inapokataza.

Ukitoa pesa kwenye mashine ugenini, benki huandika mahali, saa na kiasi, na mashine yenyewe mara nyingi huwa na kamera. Kinachofichika ni matumizi ya pesa hizo baadaye. Ndiyo maana namshauri msafiri atoe mara chache na kiasi cha kutosha, badala ya kutoa kidogo kidogo kila anapohamia mtaa mwingine, jambo linalomchorea benki ramani ya matembezi yake na kumlundikia gharama za kutolea. Katika hali yako kuna ugumu wa ziada: ukitoa fedha nyingi kwa mkupuo kutoka akaunti ya pamoja, kaka ataziona na atauliza zimekwenda wapi, na swali hilo litakuwa gumu kulijibu kuliko mstari mdogo wa duka la dawa. Maduka ya kubadilisha fedha nayo, katika nchi nyingi, hudai pasipoti na kuandika kiasi ulichobadilisha.

Kisha kuna sehemu ambazo jina lako linajulikana hata kabla ya kulipa. Chini ya mkataba wa utekelezaji wa Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, hoteli hutakiwa kuwaandikisha wageni wa kigeni, na hivyo kulipa chumba kwa noti hakukufichi kwa chochote. Tiketi ya ndege ni vivyo hivyo: kumbukumbu za abiria ambazo mashirika ya ndege hupeleka kwa mamlaka chini ya Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2016 hujumuisha taarifa za namna ya malipo, na Agizo hilo liliweka muda wa kuzihifadhi wa miaka 5, ingawa baada ya miezi 6 sehemu zinazomtambulisha mtu hufichwa, na mwaka 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliubana muda huo kwa abiria wasioshukiwa lolote. Wapo pia wanaojivua faragha wenyewe: hulipa taslimu, kisha hutaja namba ya simu ili wapate pointi za duka, au hujaza fomu ya kurudishiwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo huunganisha manunuzi na pasipoti kwa ukamilifu ambao benki isingeupata kamwe.

Tena, pasipoti yenyewe inastahili hofu kuliko kadi. Mwaka 2018 kampuni ya hoteli ya Marriott ilitangaza kwamba kanzidata ya wageni wa Starwood, kundi la hoteli ililokuwa imelinunua, ilikuwa imeingiliwa na wadukuzi tangu mwaka 2014. Namba za pasipoti zaidi ya milioni 5 zilikuwa zimehifadhiwa bila kufumbwa, yaani zikisomeka wazi. Kadi iliyovuja hufutwa na kutolewa nyingine. Pasipoti hubadilishwa kwa taabu, na tarehe ya kuzaliwa haibadilishwi. Unapojaza fomu ya mapokezi, toa kinachotakiwa na sheria, na yasiyo ya lazima yaache wazi.

Kuhusu sheria, fahamu kwamba kulipa taslimu kuna ukomo katika nchi kadhaa. Ugiriki hairuhusu mnunuzi kulipa taslimu kuanzia euro 500. Uhispania imeweka ukomo wa euro 1,000 katika malipo yanayomhusu mfanyabiashara, lakini mgeni asiye mkazi anayelipa kwa mambo yake binafsi ana ukomo wa euro 10,000. Ufaransa nayo inawawekea wakazi wake euro 1,000 na wageni wa namna hiyo euro 15,000. Kuanzia tarehe 10 Julai 2027 Umoja wa Ulaya wote utakuwa na ukomo wa euro 10,000 kwa malipo ya kibiashara, na nchi mojamoja zinaweza kubaki na kiwango cha chini zaidi. Mpakani, anayeingia au kutoka katika Umoja wa Ulaya akiwa na euro 10,000 au zaidi, au Marekani akiwa na zaidi ya dola 10,000, hutakiwa kuzitamka forodhani. Kutamka si kutozwa kodi. Kutotamka, au kuzigawa fedha kwa makusudi ili kukwepa kutamka, kunaweza kukupotezea fedha zote na kukufungulia kesi, na hapo rafiki yako wa pesa taslimu tu hatakuwapo.

Simu ina nafuu yake, ila rafiki yako wa pili ameikuza mno. Apple Pay, iliyoanza mwaka 2014, na Google Pay hutumia namba mbadala inayokaa mahali pa namba ya kadi yako, kwa hiyo mfanyabiashara hapati namba halisi, na mdukuzi akiiba kumbukumbu za duka huambulia kitu kisichomfaa kwingine. Hiyo ni kinga nzuri dhidi ya wizi. Kwa benki yako, hata hivyo, hakuna kilichofichwa: muamala hufika ukiwa na jina la duka, mji na kiasi, na kaka ataukuta kwenye taarifa kama ule wa kadi ya kawaida. EMVCo, shirika linaloandaa viwango hivi, limeweka pia namba ya rejea ya akaunti inayowezesha malipo ya kadi na ya namba mbadala kujulikana kuwa ni ya mteja mmoja. Isitoshe, unakuwa umemwongeza mtazamaji mwingine, yaani mwenye programu, na makampuni hayafanani katika kile yanachokihifadhi.

Mashine ikikuuliza kama ulipe kwa sarafu ya nchi yako, imeitambua nchi hiyo kwa tarakimu za mwanzo za kadi. Kataa, ulipe kwa sarafu ya mahali ulipo. Hilo halihusu faragha. Ni kiwango tu cha ubadilishaji, ambacho mara nyingi ni kibaya.

Ningekuwa katika nafasi yako, kabla ya safari ningefungua akaunti yangu binafsi yenye kadi yake, taarifa zake zikija kwenye barua pepe yangu peke yangu, na kuhamishia humo fedha zangu halali kama mshahara au gawio. Hatua hiyo moja inalimaliza suala la kaka kuliko hila yoyote ya noti. Ndege, hoteli na gari la kukodi ningelipia kwa kadi, kwa kuwa hapo jina langu liko mezani tayari na kadi hunipa njia ya kudai endapo huduma haikutolewa. Noti ningeziweka kwa yale ambayo muuzaji hana haja ya kunijua: dawa zisizohitaji cheti cha daktari, teksi ya kwenda kliniki, chakula karibu na hapo, sadaka. Kadi za kujaza pesa bila kujitambulisha usizitegemee. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2018 limezibana hadi euro 150.

Kwa daktari mwenyewe, piga simu kabla ya kwenda na uulize mambo matatu: kama wanapokea pesa taslimu kwa kiasi kinachotarajiwa, ni jina gani litakaloonekana kwenye taarifa ya benki ukilipa kwa kadi, na kama wanazuia amana kwenye kadi, yaani kushikilia kiasi fulani kwa muda, wakati wa kukuandikisha, kwa sababu amana hiyo na marejesho yake huweza kuonekana kama mistari miwili. Kliniki itakuandika kwa jina lako vyovyote utakavyolipa. Na kama unakusudia kudai gharama hizo kutoka bima inayolipiwa na biashara yenu, ulizia kwanza nani katika ofisi yenu hupokea majibu ya madai, kwa maana bima itataka risiti yenye jina la daktari na huduma aliyokupa.